Kabla ya Tovuti Kulikuwa na Wakala

Historia ya kampuni za Tanzania kuzungumza na wateja wao mtandaoni husimuliwa kutoka Dar es Salaam. Inaanza na tovuti za katikati ya miaka ya 1990, inapita kwenye barua pepe na kurasa za Facebook, inafika Instagram na WhatsApp, kisha inaishia kwenye programu za simu, na kila hatua huelezwa kana kwamba imeifuta iliyotangulia. Masimulizi hayo si ya uongo, ila ni historia ya ofisi, yaani ya mahali maneno yanapotungwa. Anayetaka kujua maneno hayo yalifikaje na yalieleweka vipi hana budi kuisoma historia hiyo hiyo kutoka upande wa mpokeaji, na kata ya Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kata hiyo imo ndani ya mipaka ya manispaa lakini riziki yake ni ya shamba na zizi: alizeti, mtama, uwele, mahindi, ng'ombe, na kuku wa kienyeji walioipa Singida jina nchi nzima. Visima virefu vya Mwankoko, pamoja na vile vya Irao, ndivyo vinavyopeleka maji mjini. Watu wake, kwa hiyo, ni wateja wa kampuni za simu, wa benki, wa shirika la umeme na wa mamlaka ya maji, na papo hapo ni wauzaji kwa wenye mashine za kukamua mafuta. Kampuni zinasema nao kila siku. Hoja ninayoitetea ni kwamba hakuna wakati ambapo kampuni iliwafikia kwa chombo peke yake. Kila mara ilipitia kwa mtu, na ni huyo mtu aliyeamua kama ujumbe utaeleweka, utaaminiwa au utapuuzwa. Intaneti imekuja ikamkuta kazini, ikamwongezea mzigo.

Mfano wa kale upo kwenye magazeti. Mambo Leo, jarida la Kiswahili lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilisambazwa mikoani na kuchapisha barua za wasomaji wa bara, lakini waliojua kusoma walikuwa wachache, na habari zake ziliwafikia wengi kwa mdomo wa mwalimu au karani. Redio ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, nayo kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha kusikilizwa kwa pamoja, dukani au kwa jirani mwenye uwezo wa kununua betri. Singida ikawa mkoa mwaka 1963, na miaka minne baadaye likaja Azimio la Arusha. Kuanzia hapo karibu kila kampuni iliyomgusa mkulima wa Mwankoko ilikuwa ya umma: Shirika la Usagishaji la Taifa, yaani NMC, GAPEX iliyonunua mbegu za mafuta, na kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, iliyogawa sukari, sabuni na khanga. Kampuni ya namna hiyo haikuwa na sababu ya kumbembeleza mtu. Bei ya mazao ilipangwa na serikali, ikasomwa Radio Tanzania, na mkulima akaipokea kama alivyopokea taarifa ya habari. Chama cha ushirika, ambacho kingeweza kubeba jibu lake hadi juu, kilivunjwa mwaka 1976 pamoja na vyama vikuu vyote nchini, na sheria ya kuvirudisha ikapatikana mwaka 1982. Katika miaka hiyo sita, aliyebaki katikati ya kampuni na mteja alikuwa balozi wa nyumba kumi na katibu wa kijiji. Hao ndio walioeleza kwa nini mgao wa mwezi huu ni kilo mbili na si tatu, ingawa hawakuwa na chochote cha kueleza zaidi ya walichoambiwa.

Nakitilia mkazo kipindi hicho kwa sababu mazoea yake yamedumu kuliko mashirika yenyewe. Kampuni ilijifunza kutangaza, na mteja akajifunza kusubiri tangazo. Redio iliwapa wananchi nafasi ya kusemezana wao kwa wao, kwa kadi za salamu na kwa matangazo ya vifo yaliyolipiwa na kusomwa kwa saa maalumu, lakini hakukuwa na kadi ya kumwandikia mnunuzi wa alizeti kumwuliza mizani yake imepimwa lini. Sauti ya mteja kwa kampuni haikuwa na kituo wala saa yake. Mitandao ya kijamii iliyokuja miongo mitatu baadaye ilikuta pengo hilo likiwa wazi, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini ukurasa wa kampuni ukitoa tangazo la promosheni leo, maoni yaliyo chini yake huwa ni malalamiko ya mambo mengine kabisa. Watu wanatumia mlango pekee waliouona.

Milango ya biashara huria ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea, sauti ya kampuni ilirudi vijijini kwa gari la matangazo: pikapu yenye vipaza sauti juu, muziki, kijana mwenye maikrofoni, na fulana za bure kwa watakaojibu maswali. Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo intaneti ilipoingia nchini. Kikoa cha .tz kilikabidhiwa mwaka 1995, na watoa huduma wa mwanzo kina CyberTwiga wakaanza kuunganisha ofisi na hoteli za Dar es Salaam. Tovuti za kampuni zilizofuata zilifanana kwa namna ya kustaajabisha: picha ya jengo, ujumbe wa mkurugenzi, sanduku la posta, namba ya faksi, na maelezo ya Kiingereza yaliyomlenga mwekezaji, mfadhili na mtalii. Hapakuwa na kosa katika hilo, kwa kuwa kompyuta zilikuwa kwenye meza za watu hao hao. Kosa lilikuja baadaye, pale kampuni zilipoendelea kuandika hivyo hivyo wakati wasomaji walishabadilika. Hata leo si vigumu kukuta tovuti ya kampuni inayohudumia wakulima wa mikoa ya kati ambayo ukurasa wake wa Kiswahili ni mfupi kuliko wa Kiingereza, au haupo.

Mawasiliano ya mtandao ya Mwankoko hayakuanzia kwenye tovuti. Yalianzia kwenye vocha ya kukwangua. Mobitel ilianzisha simu za mkononi nchini mwaka 1994, Vodacom ikafuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na mawimbi yalipofika vijijini yalifika pamoja na biashara ndogo ya kuuza vocha. Kisha mwezi Aprili 2008 Vodacom ikaleta M-Pesa kutoka Kenya, ambako ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Huduma hiyo ilihitaji kitu ambacho tovuti haikuwahi kukihitaji: mtu mwenye fedha taslimu karibu na nyumbani kwa mteja. Tigo Pesa ilianza mwaka 2010 na Airtel Money nayo ikaingia shindanoni, na vibanda vikaenea mpaka pembezoni mwa manispaa. Kiangalie kibanda cha namna hiyo kwa karibu. Kimepakwa rangi ya kampuni, na ukutani kuna jedwali la viwango vya kutoa na kutuma, limefunikwa plastiki dhidi ya vumbi. Juu ya kaunta kuna daftari la mistari lenye safu alizozipiga wakala kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, namba ya muamala, sahihi. Mteja anapitisha simu yake dirishani, mara nyingi kiswaswadu cha vitufe, na kabla ya kuomba huduma yoyote anaomba asomewe. "Mwanangu, hebu niangalizie, wameniandikia nini hawa?" Wakala anasoma ujumbe wa kampuni, anautoa kwenye lugha yake ya kimkataba, anausema kwa Kiswahili cha kawaida au kwa Kinyaturu, na mteja ndipo anaamua. Dawati la huduma kwa wateja la kampuni kubwa lilikuwa pale dirishani, na ndani ya kampuni halikuitwa hivyo.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa mwaka 2021. Kuanzia tarehe 15 Julai serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kulingana na kiasi. Kampuni zilifanya kile kinachofundishwa katika mawasiliano ya kisasa: ziliweka jedwali kwenye tovuti, zikachapisha picha Instagram na Twitter, zikatuma ujumbe mfupi kwa wateja. Ujumbe ulikuwa sahihi. Lakini mteja aliyekuta fedha zimepungua alimwendea mtu aliyempa huduma, akamtuhumu, na wakala ndiye aliyelazimika kutenganisha ada ya kampuni na tozo ya serikali, mteja mmoja baada ya mwingine. Malalamiko ya nchi nzima yalifanya tozo hiyo ipunguzwe kwa asilimia 30 mwezi Septemba, na maelezo yakaanza upya, dirisha lile lile. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo mambo yalikuwa vilevile katika usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo tarehe 20 Januari 2020. Matangazo ya kwamba laini zitafungwa yalijaa kila mahali. Aliyefanya laini isifungwe ni kijana aliyekaa chini ya mwavuli na mashine ya kusoma vidole, akimweleza bibi kwa nini namba ya NIDA inahitajika na afanye nini kama kitambulisho chake hakijatoka.

Itasemwa kwamba ninaeleza kipindi cha mpito. Vijana wa Mwankoko wana simu janja, wananunua bando, wapo kwenye makundi ya WhatsApp, na miaka michache ijayo mzee wa kusomewa ujumbe hatakuwepo. Pingamizi hili ni la haki, na sehemu yake ya kwanza ni ya kweli: takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania za mwisho wa 2024 zilionyesha usajili wa intaneti wa takriban milioni 48 katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Lakini takwimu za wakati huo huo zilionyesha simu janja zikiwa kwa karibu theluthi moja ya idadi ya watu, na laini moja ya intaneti si mtu mmoja. La msingi zaidi ni namna WhatsApp yenyewe inavyotumika. Kundi la wakulima, la wazazi wa shule au la vikoba lina msimamizi, na tangazo la kampuni likiingia humo linaingia kwa mkono wa mtu anayejulikana, ambaye ataulizwa, "Hii ni kweli?" Asipojibu, tangazo limekufa. Kwa hiyo chombo kimebadilika na kazi ya mtu wa katikati imebaki. Tena ukurasa wa kampuni kwenye jukwaa la watu wengine si mali ya kampuni. Mtandao wa X, yaani Twitter ya zamani, ambao benki na kampuni za simu ziliugeuza dirisha la malalamiko, ulizuiwa nchini mwezi Mei 2025, na mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kampuni iliyokuwa imehamishia mazungumzo yake yote huko ilijikuta bubu. Hilo lingepaswa kuwasumbua wakurugenzi wa mawasiliano kuliko idadi ya wafuasi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi, kwa sababu historia ya Singida inaliunga mkono. Mtu wa katikati huyo huyo ninayemsifu ndiye dalali. Ndiye anayejua bei ya kiwandani na kumficha mkulima, ndiye anayekuja na debe lake mwenyewe, ndiye anayekopesha kipindi cha njaa ili achukue mavuno kwa bei aliyoitaka. Kwa mkulima, mtandao ulikuwa ahadi ya ukombozi: bei ikiwekwa wazi, dalali hana siri. Tigo ilijaribu hilo mwaka 2012 ilipoanzisha Tigo Kilimo, huduma ya kupata bei za masoko, hali ya hewa na ushauri wa kilimo kwa menyu ya simu, bila kuhitaji intaneti. Wazo lilikuwa jema, na lilielewa kiswaswadu. Lakini bei ya soko la mbali ni taarifa, si ofa. Mkulima anaposoma kwamba gunia lina bei nzuri kwingine, bado ana swali la nani atalifikisha huko, kwa gari gani, na kama bei hiyo itakuwepo kesho. Dalali anajibu maswali yote matatu kwa wakati mmoja, kwa bei mbaya. Ndiyo maana hakuondoka. Huwezi kumshinda kwa namba peke yake. Anashindwa pale panapokuwa na mtu mwingine wa katikati anayewajibika kwa wakulima wenyewe, kama chama cha msingi cha ushirika kinachosoma matokeo ya mnada hadharani na kubandika karatasi mlangoni, ambapo kila mtu anaweza kulinganisha alichosikia na kilichoandikwa.

Alizeti yenyewe imetoa somo chungu juu ya hili. Mwaka 2021 serikali iliitangaza Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kipaumbele katika kampeni ya kuongeza uzalishaji, na wakulima wakaitikia. Katika mwaka wa fedha 2022/23 ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ulipunguzwa ili kupoza bei kwa mlaji, na bei ya alizeti shambani ikaanguka vibaya. Taarifa zote mbili zilikuwa mtandaoni. Hotuba ya bajeti iliwekwa kwenye tovuti, magazeti yaliandika, mitandao ilijadili. Lakini hapakuwa na kampuni wala ofisi iliyochukua jukumu la kumwambia mkulima, kabla hajanunua mbegu, kwamba mabadiliko ya ushuru yanaweza kuyala mavuno yake. Kurasa za wenye viwanda kwa kawaida husema na mnunuzi wa chupa ya mafuta. Muuzaji wa gunia la mbegu hakumo katika hadhira yao. Hili naliona kuwa upungufu mkubwa kuliko ule wa mtandao dhaifu au bando ghali. Mawasiliano ya kampuni mtandaoni yamejengwa juu ya dhana kwamba mtu wa kijijini ni mlaji tu, ilhali Mwankoko mtu huyo ni msambazaji wa malighafi, na kata yake ndiyo yenye maji yanayonywewa mjini.

Pale kampuni zisiposema na watu hawa hubaki pengo la uaminifu, na pengo hilo limejazwa na matapeli. Kuna sentensi ambayo kila mwenye simu Tanzania ameipokea, ile ya kuambiwa pesa ile itume kwenye namba hii. Nguvu yake ni kwamba inafanana na ujumbe halali: ni fupi, haina jina, inaamuru. Kampuni zilizowazoeza watu kupokea amri zisizo na msemaji zimewarahisishia matapeli kazi, na sasa zinalazimika kurudia kila mara kwamba zitapiga kwa namba 100 pekee, huku Mamlaka ya Mawasiliano ikiwataka wananchi wapeleke namba za matapeli 15040. Mtu anaweza kunijibu kwamba uso wa mtu nao si dhamana. DECI, upatu ulioporomoka mwaka 2009, ulikuwa na ofisi mikoani, madirisha na wahudumu wanaojulikana mitaani, na bado watu walipoteza akiba zao. Nakubali.  Ofisi za DECI hazikuwalinda watu dhidi ya hasara, lakini ziliwaachia watu wa kushtakiwa, na viongozi wake walihukumiwa. Uso peke yake hautoshi, sheria peke yake haifiki kijijini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 itakuwa na maana Mwankoko siku itakapoligusa lile daftari la wakala lenye majina na namba za watu wote wa mtaa, ambalo likijaa hakuna aliyeambiwa lipelekwe wapi.

Kwa hiyo kampuni inayotaka kuzungumza na watu wa kata kama hii ianze na jambo lililo mikononi mwake, nalo ni kamisheni. Wakala hulipwa kwa muamala: kuweka, kutoa, kusajili. Kusoma ujumbe, kueleza tozo, kumzuia mzee asitume akiba yake kwa tapeli, kupokea tusi lililokusudiwa makao makuu, hayo yote anayafanya bure, na yanamcheleweshea foleni. Bajeti za mawasiliano zinalipia picha, video na watu maarufu wa Instagram, na matokeo yake yanahesabiwa kwa waliotazama. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kumlipa wakala kwa kila lalamiko analolipokea, kuliandika na kulifikisha, akapewa namba ya moja kwa moja ya mtu ndani ya kampuni badala ya menyu ya "bonyeza 1", na akatumiwa maelezo ya kila badiliko siku moja kabla ya mteja, kwa Kiswahili kinachosomeka kwa sauti. Jedwali la viwango tayari limebandikwa ukutani kwake. Lina safu za kutuma na kutoa. Safu ya kueleza haijawahi kuwekwa.